Kifaa cha Pili Kwenye Akaunti

Aliyeipiga pasi tableti ni yeye mwenyewe, hakuna wa kusingiziwa. Mama Gauni, kama wateja walivyozoea kumwita, alitandaza satini juu ya meza, akashika pasi ya mvuke, akakandamiza. Chini ya satini ilikuwepo tableti yake. Alipohisi kigumu alidhani ni mkunjo sugu, akazidisha moto. Jamani, fundi mzima wa magauni ya harusi hajui mkunjo? Anajua, ila siku hiyo akili haikuwa mezani. Ilikuwa kwenye harusi ya bintiye, Jumamosi ya wiki hiyohiyo, na leo tayari ni Jumatano.

Ndani ya tableti mlikuwa na paterni za gauni la bi harusi, yaani michoro ya vipande vyote vya kukatia kitambaa. Sketi alishaichapisha kwenye karatasi na kuikata. Kiwiliwili na mikono bado. Lesi iliyobaki ilitosha kukatwa mara moja tu, kwa maana dukani ilikwisha, na binti mwenyewe alikuwa safarini kikazi, kurudi ni Ijumaa jioni. Bila ile michoro hakuna gauni. Mama Gauni alikaa kitini akalia kwa hasira, kisha akafunga duka.

Fundi wa kompyuta alikuwa jengo la pili, ghorofa ya juu. Mwanamke wa makamo, maneno mengi, mikono haitulii. Aliipokea tableti, akaigeuza, akainusa.

"Hii umeipika, dada."

"Usinichekeshe. Inatengenezeka?"

"Hii ni ya kuzika. Lakini unalilia nini hasa, tableti au vilivyokuwemo?"

"Michoro yangu."

"Basi punguza machozi. Ulipokuwa unachora, intaneti ilikuwepo?"

"Dukani ipo muda wote. Na kulikuwa na kialama cha wingu pembeni, kila nikimaliza kuchora kinazungukazunguka."

"Basi michoro haikuwa ndani ya tableti peke yake."

Mama Gauni alimtazama kwa jicho la mtu anayenusa utapeli. Fundi akacheka, akavuta kiti.

"Sikiliza. Kuna watu wana majumba yamejaa kompyuta, zinawaka usiku na mchana, zinapulizwa ubaridi zisichemke. Wanakupa sehemu yako humo. Ukichora, tableti inapeleka nakala kule kupitia intaneti. Hilo ndilo wingu. Hakuna kinachoelea juu, dada, ni kompyuta za watu, ziko mbali."

"Na nitafikaje huko?"

"Hufiki, unafungua ukiwa hapahapa. Tableti ilikuwa mlango tu. Kompyuta yangu hii nayo ni mlango. Nipe akaunti na neno la siri, tuingie."

Akaunti aliijua. Neno la siri hakulijua, kwa sababu hakuliweka yeye.

Fundi akabonyeza pale panaposema umesahau. "Wanasema wametuma namba za uthibitisho kwenye simu inayoishia na arobaini na saba. Ni yako?"

Haikuwa yake. Ilikuwa ya mtalaka wake.

Enzi hizo walifanya kazi chumba kimoja, mume anakata, mke anashona. Mambo ya akaunti alishughulikia mume, kwa namba yake, na nani angefikiria mbali? Kisha mume akamfuata mwanamke mwingine, ambaye naye hakudumu, na tangu hapo hawakusemezana. Binti alipoleta habari ya kumwalika baba, Mama Gauni alisema wazi: akija yeye, mimi siji. Binti alilia siku nzima, halafu akanyamaza. Kadi haikuandikwa.

"Hakuna njia nyingine?"

"Ipo. Unawaandikia wenye kompyuta, unathibitisha kwamba wewe ni wewe. Wakijibu wiki ijayo, shukuru Mungu."

Mama Gauni akatoa simu yake. Namba ile aliikumbuka bila kuitafuta, na hilo lenyewe lilimuudhi.

"Haloo."

"Ni mimi."

"Nimekujua."

"Kuna namba zimeingia kwenye simu yako sasa hivi. Nisomee."

Akasoma, moja baada ya nyingine, bila kuuliza za nini. Fundi akaandika. Akaunti ikafunguka, na michoro yote ikajipanga kwenye kioo, kifua, mgongo, mikono, hadi ukosi. Mama Gauni alifurahi mpaka akamchapa fundi kofi la bega. Alikuwa anataka kukata simu, asante hana, wakati sauti ya upande wa pili ilipomzuia.

"Ngoja. Mkono wa kushoto usiukate hivyo."

"Mkono gani?"

"Wa gauni. Umechora wa kulia, ukaugeuza tu kuwa wa kushoto. Bega la kushoto la binti yetu limeshuka tangu alipovunjika utotoni. Gauni litamvuta kwapani."

Mama Gauni akatazama kioo. Ni kweli. Alimpima binti bega moja tu, haraka haraka, huku wakibishana kuhusu kadi ya baba. Aibu ilimshika vibaya. Yeye ndiye aliyesema huyu hana lake kwenye harusi, na yeye ndiye aliyelisahau bega la mtoto wake.

"Umejuaje nilivyochora?"

"Akaunti bado iko kwenye simu yangu. Sijagusa kitu. Huwa naangalia tu."

Alimkatia simu.

"Fungua uone nani yumo humu," alimwambia fundi.

"Vifaa viwili. Tableti yako, hii marehemu. Na simu moja, imeingia leo asubuhi. Jana pia. Juzi pia." Fundi akamgeukia. "Dada, huyu huingia kila siku."

"Amefuta nini?"

"Hajafuta hata mstari. Ila kila unachochora kinamfikia kule alipo. Nimtoe? Nikiweka namba yako na neno jipya la siri, haoni tena kitu."

Hasira ilimjaa, na ilikuwa na haki ya kumjaa. Miaka yote hiyo mtu anamchungulia kazi yake, makosa yake, na picha alizohifadhi humohumo za binti akijaribu nguo mbele ya kioo. Lakini mtu huyohuyo alilifuata gauni hilo tangu mstari wa kwanza, bila kuitwa na bila kusema neno, akijua kwamba siku ya kuvaliwa hatakuwepo. Hilo nalo alilihisi, na hakupenda kulihisi.

"Mtoe."

Fundi akabonyeza mara mbili. "Ameshatoka."

Neno jipya la siri aliliandika mwenyewe, fundi akiamriwa kutazama ukutani. Michoro ikahamishiwa kwenye simu yake, akalipa, akashuka ngazi. Chini mlangoni alisimama, watu wakimpita wakimnung'unikia kwamba amewazibia njia. Akapiga tena.

"Nimekutoa."

"Nimeona. Ni haki yako."

"Hutaliona tena gauni kwenye hiyo simu."

"Sawa." Sauti ilishuka. "Mwambie tu limependeza."

"Utamwambia mwenyewe. Harusi ni Jumamosi, saa nane. Utakaa mbele, na ndugu zako."

Mama Gauni akasogea pembeni kupisha watu, simu sikioni.

"Suti sina," alisema mtalaka wake, mtu aliyekata suti za watu maisha yake yote.

"Njoo kesho asubuhi nikupime," alisema Mama Gauni. "Na huo mkono wa kushoto, uje uukate wewe."