Kura ya Nchi Isiyo na Bomu

Balozi alikuwa mwanamke mfupi, na nchi yake ilikuwa ndogo. Mama yake hakuchoka kumtania kwa yote mawili. Asubuhi ya kupiga kura, mama alimpigia simu hata kabla hajamaliza kuvaa.

"Mwanangu, leo mnakataza nini tena?"

"Mabomu ya nyuklia, mama."

"Kwani sisi tunayo?"

"Hatuna."

"Sasa si sawa na mimi kuapa kwamba naacha pombe? Sijawahi hata kuinusa!"

Balozi akacheka mpaka hereni ikamponyoka. "Mama, wakubwa wakilipuana, moshi hautatuuliza kama tulikuwemo kwenye ugomvi."

Mama akaguna. "Haya, nenda. Ila usiwafokee, watu wenye mabomu wana hasira za karibu."

Nje ya ukumbi wa kupigia kura alisogelewa na mjumbe wa nchi kubwa, ambaye wenzake walimwita Bwana Asali kwa maneno yake matamu. Akalisifia koti la Balozi, akamjulia hali mama yake, ndipo akafika penyewe. Mkataba wa kukataza mabomu ni mzuri, alisema, ila bado haujaiva. Si lazima nchi ndogo ijitie kiherehere. Isiseme ndiyo wala hapana, na urafiki uendelee kunoga.

"Ngoja niwasiliane na nyumbani," Balozi akajibu, akatoa simu. Miaka nenda miaka rudi nchi yake ilikuwa upande wa kupunguza silaha, lakini alijua Bwana Asali naye anaweza kupiga simu hukohuko.

Waziri wake wa mambo ya nje alipokea akiwa harusini, muziki umepamba moto.

"Mheshimiwa, wanataka tusipige kura! Mimi naona tusimame palepale. Nipige ndiyo?"

"Ndiyo, ndiyo!" Waziri akapaza sauti, na simu ikakatika.

Kama alikuwa anamjibu yeye au mtu mwingine, Mungu ndiye ajuaye. Alipopiga tena, haikupokelewa. Wajumbe wakaitwa ndani. Balozi akaketi, akavitazama vitufe vya kura, kisha akabonyeza cha kijani, cha ndiyo.

Mkataba ukapita kwa kura za nchi ndogo nyingi. Bwana Asali akafunga mkoba wake, akatoka bila kuaga.

Jioni Waziri akapiga.

"Nasikia tumepiga ndiyo. Nani kakuruhusu?"

"Wewe, mheshimiwa. Tena mara mbili."

"Mimi nilikuwa naulizwa kama niongezewe keki!"

Balozi akaketi ukingoni mwa kitanda cha hoteli. Tayari alijiona uwanja wa ndege na masanduku yake.

"Bwana wako wa maneno matamu naye kanipigia," Waziri akaendelea. "Nimemwambia tulichosema ndicho tulichosema. Sasa nisikilize, maana muziki umezimwa: ndiyo. Ungenipata vizuri ningekujibu hivyohivyo. Ila siku nyingine piga mpaka nipokee, usije ukanitia kiharusi."

"Sawa, mheshimiwa."

"Na majirani zetu waliokaa kimya kwenye kura, hebu waulize wanaogopa nini; bado kuna kutia saini."

Balozi akajitupa kitandani, akacheka peke yake huku machozi yakimlengalenga. Kisha akainuka kumtafuta balozi wa nchi jirani, amwahi kabla Bwana Asali hajamkaribisha kahawa.