Fulana Iliyotoweka Kambani

Siku Mwanapili alipokuja na mizani, Bi Thuwaiba alijua pana jambo. Mtu haingii kwa mwenzake asubuhi, hajauliza hali, hajanywa chai, akaiweka mizani katikati ya ukumbi na kusema, "Shoga, hebu panda hapa."

"Kwani mie gunia la karafuu?"

"Boti wanapima mizigo siku hizi," alijibu Mwanapili, macho yake yakitazama pazia.

Mizigo! Bi Thuwaiba alipanda, maana kukataa ni kukiri unene. Mwanapili akainama, akasoma, akaguna, akaondoka na mizani yake. Chai hakuigusa.

Walikuwa mashoga tangu ujana, wote wakazi wa majumba ya Michenzani. Kikundi chao cha mazoezi, kile cha kina mama wenye fulana za kijani wanaotembea kila alfajiri, alikianzisha Bi Thuwaiba. Na ni yeye aliyeleta wazo la kwenda bara, kwenye Milima ya Udzungwa, kuyaona maporomoko ya Sanje. Unguja haina mlima. Tunachokiita kilima huku, mtu wa Morogoro angekiita tuta. Tangu alipoyaona maporomoko yale kwenye simu ya mwanawe, maji yakianguka kutoka juu ya msitu, hakutaka kitu kingine duniani. Ndipo goti lake la kulia likaanza kumsaliti.

Muongoza njia wa huko aliwaeleza kwa simu kwamba safari si ngumu sana, ila si ya mchezo. "Mama zangu, ni njia ya mzunguko. Mnapandia upande mmoja, mnashukia mwingine. Mkifika katikati, kurudi ni mbali kama kwenda mbele." Kina mama wote, Bi Thuwaiba aliliona hilo waziwazi, wakalitazama goti lake.

Tangu hapo ikawa minong'ono. Akiingia mahali, mazungumzo yanageuka kuwa bei ya mbatata. Kwa kuwa mlima hawana, walikubaliana kujizoeza kwenye ngazi za majumba. Yeye akaambiwa mazoezi hayo yameahirishwa. Kumbe Jaku mwenye duka alikuwa na yake ya kusema.

"Bi Thuwaiba, wenzio nawaona kila jioni jumba la tatu, wanapanda na kushuka. Weye mbona huendi?"

Alicheka ili asionekane hajui, akarudi kwake akalia. Wanataka kumwacha. Na nani atakayeongoza safari akiachwa yeye? Mwanapili, nani mwingine! "Kikulacho ki nguoni mwako," alijiambia jikoni, na kesho yake nguo ikapotea kweli.

Ilikuwa fulana yake ya kijani, yenye jina lake mgongoni. Kwenye kamba ile ile palikuwa na kanga mpya na dera la sikukuu, na havikuguswa. Sasa huyo ni mwizi gani? Kisiwani hapa hata mtoto anajua mtu anatafuta nini kwenye nguo iliyolala mwilini mwako. Kapimwa uzito, kachukuliwa fulana, na goti limeharibika safari ilipokaribia. Bi Thuwaiba aliyaunganisha yote matatu na akapata jibu moja: goti lile limetupiwa kitu, na aliyetupa ni rafiki yake.

Akampigia simu Maalim Abdulwahid. Angekwenda mwenyewe, lakini Maalim anakaa juu kabisa ya jumba la tatu, na ngazi zile goti halikuziweza.

"Nataka Halbadiri, Maalim. Isomwe imdhuru alochukua fulana yangu."

"Bi Thuwaiba, hiyo si kitu cha mchezo. Dua ile ikishasomwa hairudi. Una hakika?"

"Nna hakika," alisema. Wakapatana iwe Alhamisi, baada ya sala ya alasiri.

Alhamisi aliposwali hakuweza kutulia. Alitaka kuuona uso wa Mwanapili saa hiyo ikifika. Akajikokota hadi jumba la tatu, akasimama chini ya ngazi, na kutoka juu akasikia sauti anazozijua.

"Polepole! Hapo pana utelezi. Mshike Bi Thuwaiba asianguke!"

Akachungulia. Mwanapili alikuwa anashuka kwa tahadhari, mgongoni kafungwa gunia, na gunia limevishwa fulana ya kijani yenye jina: Thuwaiba. Nyuma yake Nassra, mdogo kuliko wote kikundini, amelishika kwa chini.

"Wachawi!" Bi Thuwaiba alipiga ukelele. "Mnanipeleka wapi?"

Mwanapili alikaa kitako kwenye ngazi, gunia na yeye. "Khaa! Nani kakwambia uje?"

"Nijibu!"

"Udzungwa! Tunakupeleka Udzungwa!" Mwanapili alihema, akaivuta mikanda mipana ya turubai iliyompita mabegani. "Mbeleko hii. Kakushonea fundi Hasan. Fulana tulichukua apimie mapana yako, na gunia lina mchele uzito wako sawasawa, nawe mzito, Mungu shahidi. Njia ile haina kurudi. Goti likikataa katikati, tutapokezana kukubeba mgongoni. Mie nimekulia Jambiani nikibeba mwani mbichi, weye utanishinda?"

"Mbona hamkunambia?"

"Ungekubali kubebwa? Ungesema huendi tena, nnakujua."

Aibu ilimpanda Bi Thuwaiba hadi masikioni. Hapo harufu ya ubani wa Maalim ikashuka kwenye ngazi kutoka juu.

Hakuaga. Alishika ukuta akapanda. Aliwapita Mwanapili na gunia, akapita milango ya watu wanaokaanga, akapita watoto waliomwamkia "shikamoo" na hakuitikia. Goti lilipiga kelele, hakulisikiliza. Alipoufikia mlango wa juu, Maalim alikuwa ameketi mkekani, chetezo kinafuka, kitabu kimefunguliwa.

"Usisome, Maalim!"

"Mwizi kapatikana?"

"Hakuna mwizi. Pana mjinga, na mjinga mwenyewe mie."

Maalim alimtazama, akakifunga kitabu. Mara Mwanapili akatokea, mbeleko tupu inaning'inia mgongoni. Aliutazama ubani, akakitazama kitabu, kisha akamtazama rafiki yake. Yeye naye mtoto wa kisiwa.

"Alokuwa anasomewa nani?"

Bi Thuwaiba angeweza kusema mgonjwa. Angeweza kusema jini. "Weye," alisema. "Nlidhani umeniroga."

Machozi yalimjaa Mwanapili. Aliifungua mikanda ya mbeleko, mmoja kisha mwingine. Alizitazama ngazi zilivyoteremka mpaka chini, akalitazama goti.

"Zote hizi umepanda mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Mbio?"

"Ndiyo."

Mwanapili akamtupia mbeleko mikononi. "Basi Udzungwa utapanda kwa miguu yako. Mie sikubebi tena. Na hiyo utaibeba weye, tutatia chakula."

Akageuka, akatangulia kushuka bila kumtazama. Bi Thuwaiba alimfuata akichechemea, mbeleko begani, goti sasa likidai haki yake. Lakini kila ngazi zilipopinda Mwanapili alisimama, akashika ukuta, akangoja.