Traka ya Mama Mkwe

Kabla jua halijapanda juu ya mabati ya soko, Nasuru alikuwa ameshapeleka watoto wa shule, mwalimu mmoja aliyechelewa kuliko wanafunzi wake, na trei za mayai ambazo mwenyewe alizikumbatia njia nzima kama mtoto mchanga. Sasa alikuwa anaelekea Onduparaka na gunia la sukari nyuma, limefungwa kwa mpira. Sukari ilikuwa ya Hajati Kaltumu, ambaye aliuza juisi ya barafu na maji baridi, na ambaye, kwa mapenzi ya Mungu na ya bintiye Shakirah, alikuwa mama mkwe wa Nasuru.

Katika ukoo wao mkwe wa kiume hamtazami mama mkwe usoni. Hali chakula mbele yake. Hazungumzi naye moja kwa moja kama kuna mtu wa tatu wa kupitishia maneno, na akimwona anakuja, anampisha. Nasuru aliishika adabu hiyo kama babu zake walivyoshika bunduki za jeshi, bila kuuliza ilitoka wapi.

Enzi za pikipiki ya petroli mambo yalikuwa rahisi. Ile mashine ilianza kukohoa tangu kwenye kona ya uwanja wa mpira. Hajati akiisikia anaingia ndani, Nasuru anashusha mzigo, anaondoka, heshima inabaki. Lakini petroli ilipanda bei, ikatulia kidogo ili watu wapumue, ikapanda tena, mpaka ile pikipiki ikawa inakula vizuri kuliko watoto. Nasuru akaiuza, akaingia katika mpango wa kampuni inayokopesha pikipiki za umeme. Pikipiki ya umeme haikohoi. Inafika mlangoni kama paka.

Kampuni ilitaka mdhamini mwenye mali. Katika ukoo mzima mali inayoonekana kwa macho ilikuwa moja: friji kubwa la kugandishia la Hajati, lililowalisha wajukuu na kumlipia kodi ya nyumba. Hajati aliweka sahihi kupitia kwa Shakirah, bila kumwona Nasuru. Pikipiki ikipotea, friji linachukuliwa. Ndivyo ilivyoandikwa, na kampuni ilisema mambo hayo kwa tabasamu.

Asubuhi hiyo Nasuru alifika, akazima, akashusha gunia. Alikuwa ameinama anakunja mpira wakati Hajati alipotokea kando ya nyumba na beseni la maji machafu. Hakusikia kitu, atajuaje kuna mtu? Nasuru aliona ncha ya gauni lake, akaruka nyuma ya bafu la mabati, akachuchumaa huko akitazama ukuta. Ufunguo aliuacha kwenye pikipiki. Mtu anayekimbia kwa heshima hakumbuki funguo.

Hajati naye hakuwa mshamba. Aliona sukari, akaona pikipiki isiyo na mtu, akaelewa. Ili kumpa mkwe wake nafasi ya kutoka, aliliweka beseni chini taratibu, akaingia ndani, akafunga mlango. Basi wakakaa hivyo, mmoja nyuma ya bafu na mwingine nyuma ya mlango, kila mmoja akimpisha mwenzake. Adabu ilikuwa imekamilika pande zote. Iliyobaki barabarani ni pikipiki peke yake, na ufunguo ukining'inia.

Nasuru alipotoka, gunia la sukari lilikuwapo. Pikipiki haikuwapo. Hakuwa amesikia hata mlio, maana hakuna mlio.

Alipiga kelele ambayo haikuwa na maneno ndani yake. Lomoro, jirani aliyekuwa anapakia vitunguu kwenye gari lake la kukodi ili avipeleke Koboko, alikuja mbio na gunia begani.

"Nini? Nani amekufa?"

"Pikipiki!"

Dirisha la Hajati likafunguka kidogo. Sauti ilitoka bila uso.

"Lomoro. Ambia huyo mutu, pikipiki iko natembea. Sasa iko barabara ya Koboko."

Lomoro alitazama dirisha, akamtazama Nasuru, aliyekuwa amesimama karibu kiasi cha kuweza kuligusa.

"Mama Hajati, mutu mwenyewe iko hapa."

"Najua iko hapo. Ambia yeye."

"Nasuru," alisema Lomoro kwa utii, "pikipiki iko natembea."

"Anajuaje?"

"Hajati, anauliza unajuaje."

"Iko na traka ndani, kitu ya kuonyesha mahali iko. Kampuni ilificha. Ilinipa mimi kwa simu, naona nukta nyekundu. Walisema mwenye kuendesha asijue, maana waendeshaji wengine wanang'oa, wanauza pikipiki, wanalia kama wameibiwa."

Nasuru alitazama pale pikipiki ilipokuwa imesimama. Mwezi baada ya mwezi alikuwa ameendesha juu ya jicho. Kampuni haikumwamini yeye. Ilimwamini mama mkwe wake, naye, kwa adabu, hakusema neno.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Hajati, tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

Lomoro alimgeukia Nasuru kwa huruma ya mwanamume kwa mwanamume, kisha akafungua mlango wa gari. Nasuru alikaa mbele, macho kwenye kioo, shingo imekakamaa kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Hajati alikaa nyuma pamoja na vitunguu, simu mkononi, miwani puani.

Walipita polisi Arua mjini kwanza, kwa sababu kampuni ilikuwa na uwezo wa kuzima pikipiki kutoka mbali, ila walipopiga, binti wa kampuni alisema kwa sauti tamu kwamba mfumo unataka namba ya kesi. Bila namba, mfumo haukubali. Nasuru alimuuliza mfumo ni nani, ili aongee naye. Binti akasema ombi lake limepokelewa.

Polisi wa kaunta alisikiliza huku akichokonoa sikio kwa kalamu.

"Sasa hivi pikipiki iko wapi?"

Hajati alisoma simu. "Karibu na Maracha."

"Basi hiyo ni kesi ya Maracha. Hapa tukifungua, tutakuwa tumeingilia kazi ya watu."

"Lakini imeibwa hapa," alisema Nasuru.

"Imeibwa hapa, lakini iko kule. Wewe unatafuta mahali ilipoibwa, ama unatafuta pikipiki?"

Wakiwa wanabishana, nukta ikaivuka Maracha.

"Mumeona?" alisema polisi, akiwa ameridhika. "Sasa ni kesi ya Koboko."

Lomoro aliendesha kama vitunguu vyake vinaungua. Hofu haikuwa Koboko. Hofu ilikuwa Oraba, mbele kidogo, palipo na mpaka. Pikipiki ikishaingia Sudani Kusini, nukta itaendelea kuonekana kwenye simu, nyekundu na nzuri, na watakuwa wanaitazama kila jioni kama nyota. Na friji litakuwa limebebwa na vijana wa kampuni, mlango wake umefungwa kwa kamba. Nasuru aliwaza Shakirah atasimama upande gani wa ua siku hiyo. 

"Lomoro," sauti ilisema kutoka kwenye vitunguu, "ambia yeye sina hasira."

"Nasuru, Hajati hana hasira."

"Nimesikia."

"Umesikiaje? Mimi ndiyo kwanza nasema."

"Ambia yeye pia, siku ile alisema alipeleka mgonjwa mpaka Inde. Nukta ilikaa uwanjani kule Onduparaka, tangu mechi inaanza mpaka watu wanatoka."

Lomoro alisafisha koo. "Nasuru, kuhusu yule mgonjwa wa Inde…"

"Alipona," alisema Nasuru.

Nyuma palisikika kitu kama kikohozi. Nasuru hakugeuka, lakini angeweza kuapa kwamba kilikuwa kicheko.

Kisha Hajati akasema kwa sauti nyingine kabisa, "Imesimama!"

Nukta ilikuwa imetulia nyuma ya soko la Koboko. Nasuru alihesabu kichwani safari zake za asubuhi, mwalimu, mayai, sukari, akaelewa. "Chaji imekwisha!" alipiga kelele, akisahau kumpitia Lomoro. Hakuna aliyemkosoa.

Kwenye kituo cha polisi cha Koboko, mkubwa wa zamu alitaka barua kutoka Arua. Alipoona kwamba wana gari lao, barua ikapungua umuhimu, akawapa konstebo mmoja, Ezati, mrefu, aliyelazimika kukaa na goti moja ndani ya gunia la vitunguu.

Nukta iliwapeleka kwenye saluni ya kunyoa nywele, kibanda cha mbao chenye paneli ya sola juu na simu za watu zikichajiwa kwenye ubao. Pikipiki ilikuwa imesimama mlangoni. Kiti kilikuwa kimefunguliwa, taa ya nyuma imelegezwa, na kifuniko cha betri kimechokolewa kwa bisibisi. Mtu alikuwa ametafuta traka kwa bidii na hakuipata. Waya wa chaja ulitoka chini ya kiti ukaingia ndani.

Ndani palikuwa na ugomvi.

"Umemaliza umeme yangu yote!" kinyozi alikuwa anapiga kelele. "Sola hii ni ya simu! Wewe unaleta betri kama jeneza, mashine imekufa!"

"Maliza kwanza kichwa yangu!"

"Nimalize na nini? Na meno?"

Kwenye kiti alikaa kijana aliyefungwa shuka shingoni. Upande wa kushoto kichwa chake kiling'aa. Upande wa kulia kilikuwa kichaka. Alikuwa ameacha betri inywe, akaamua kujipendezesha wakati anangoja, na betri ilikuwa imekunywa mpaka mashine ya kunyolea ikazimika katikati ya safari. Alipomwona konstebo alitazama mlango, akajitazama kwenye kioo, na mabega yake yakashuka. Mtu mwenye kichwa cha namna ile hawezi kupotelea sokoni. Angekimbia mpaka Sudani Kusini, watoto wangemfuata wakiimba.

"Jina?" aliuliza Ezati.

"Soro."

"Pikipiki ya nani?"

Soro alimtazama Nasuru. "Yako?"

"Yangu. Ya kampuni. Ya mama mkwe."

"Mimi pia nilikuwa boda," alisema Soro taratibu. "Petroli ilinishinda. Wenyewe walichukua pikipiki, nikabaki na helmeti. Niliona hii imesimama peke yake, ufunguo uko, mutu hakuna. Nilisema labda Mungu ameona."

Nasuru alikuwa amejiandaa kwa matusi mazuri tangu Maracha. Yote yalimkimbia. Alichofanya ni kuushika usukani pale mlangoni kwa mikono miwili, kisha akakaa juu ya ndoo ya kinyozi. Kichwani mwake friji lilikuwa limerudi mahali pake. Alipumua kama mtu aliyetolewa mtoni.

Furaha hiyo ilidumu mpaka kituoni. Mkubwa wa zamu aliizunguka pikipiki pale ndani ya mlango wa kituo, akaigonga kiti.

"Kazi nzuri. Sasa hii ni kielelezo. Inabaki hapa mpaka kesi iishe."

Nasuru alitazama nyuma ya jengo. Pikipiki za vielelezo zilikuwa zimepangwa kwenye majani: moja haina magurudumu, nyingine haina injini, nyingine ilikuwa imebaki namba tu, na kuku alikuwa anataga chini yake.

"Afande, kesi inaisha lini?"

"Kesi inaisha ikiisha."

 Ndipo Hajati alipopita mbele ya Nasuru, akasimama mezani, akavua miwani.

"Sawa, afande. Ibaki. Mimi nitaangalia tu kwa simu."

"Utaangalia nini, Mama?"

"Traka iko ndani bado. Inaonyesha kila mahali pikipiki inakwenda, na saa. Mutu akichukua kwenda kunywa pombe, naona. Akikwenda nayo kwa mwanamke, naona, nyumba gani. Akitoa betri kupeleka kuuza, kampuni Kampala inaona."

Mkubwa aliitazama pikipiki. Konstebo Ezati alianza kusoma bango la kipindupindu ukutani.

"Hiyo kitu imefichwa wapi?" aliuliza mkubwa, kwa sauti ya mtu anayeuliza tu.

"Hawakutuambia. Hata mwizi ametafuta, amekosa."

Mkubwa aliinama akachungulia chini ya kiti. Akagusa taa. Akarudi nyuma hatua, kama pikipiki imeanza kumtazama. "Inasikia pia? Maneno?"

Hajati alifikiri. Alikuwa mwanamke mkweli, mwenye swala tano.

"Sijui, afande," alisema. "Kampuni haikusema."

Hapo sheria ilipata njia. Kumbe kielelezo kinaweza kupigwa picha. Kumbe mwenye mali anaweza kutia sahihi na kuondoka nayo, na akaja siku ya kesi akiitwa. Mambo haya yote yalikuwapo tangu zamani, ila mkubwa alikuwa hajayakumbuka. Soro alipelekwa ndani na kichwa chake cha pande mbili. Hajati alimtuma Lomoro akamnunulie chapati, na akamwambia amwambie kinyozi aje na wembe.

Barua ya kutoa pikipiki ilihitaji muhuri, na mwenye muhuri alikuwa ameenda kula. Nasuru alijaribu kuwasha. Betri ilikuwa na pumzi ya kufika getini tu.

Alisimama. Akachukua waya wa chaja, akapita katikati ya kituo mbele ya kila mtu, akaichomoa birika ya umeme ya chai ya mkubwa wa zamu, akaichomeka pikipiki yake.

Mkubwa aliinua macho. Alimtazama Nasuru, akaitazama ile pikipiki isiyojulikana ina nini ndani, kisha akausogeza mguu wake ili asikanyage waya.

Taa ndogo ya kijani ikawaka. Nasuru alikaa sakafuni kando yake, mgongo ukutani. Tangu azaliwe ilikuwa mara ya kwanza serikali kumpa kitu bila kumwambia arudi kesho, naye hakuondoka mpaka betri ilipojaa.