Mashua ya Linet na Jiko Langu

Mwaka wa 1995 binti yangu Linet alirudi nyumbani Homa Bay na mizigo miwili. Mmoja ulikuwa sanduku la nguo. Wa pili ulikuwa mkebe mrefu kama bomba la maji, na ndani yake mlikuwa na karatasi za michoro. Sanduku aliwaachia watu wamsaidie kubeba. Ule mkebe aliubeba mwenyewe.

Linet ni kitinda mimba wangu, na kazi yake ni kusanifu meli. Watu wakiniuliza maana yake nini, nilikuwa nawaambia hivi: kabla fundi hajagusa ubao, Linet ameshajua mashua itaelea vipi, italala kiasi gani upepo ukija, na itabeba watu wangapi. Alisomea Uingereza, akabaki huko miaka kumi na moja akichora yoti, zile mashua za matajiri za kutembelea, zenye vitanda na friji. Alikuwa ananitumia picha zake. Nilizibandika ukutani kando ya kalenda ya kanisa, na jirani yangu Dolphine, anayeuza omena, wale dagaa wa ziwa letu, alikuwa akija kuzitazama na kutikisa kichwa.

"Min Linet, mashua nyeupe hivi, na ndani hakuna hata samaki mmoja!" alisema, akiniita mama wa Linet kwa Kijaluo chetu.

Kwa kweli Linet mwenyewe alikuwa amezichoka. Moyo wake ulikuwa kwenye vyombo vya matanga vya zamani, na alishachora viwili vilivyoundwa upya kwa kufuata mfano wa vile vya kale. Sasa jumba moja la makumbusho huko Uholanzi lilitaka mashua ya tanga ya ziwa letu, ile ya mababu, ya mbao zilizoshonwa kwa kamba bila msumari hata mmoja. Linet angeiunda Homa Bay, na mtu wao, Bwana Jeff, angekuja kuiona ikisafiri hadi Kendu Bay. Ikifika salama, wangeagiza nyingine tatu, na Linet angefungua karakana yake hapa ufukweni. Isipofika, basi angerudi kwa wenye friji.

"Mama, nimechoka kuwa mgeni," aliniambia. "Mashua hii ndiyo itakayonirudisha nyumbani."

Nilimwongezea chai. Tangu siku hiyo nilikuwa naiombea ile mashua kama vile ninavyowaombea wajukuu.

Mfano wa kufuata haukuwa mbali. Nyuma ya jiko langu kulikuwa na mashua ya baba mkwe wangu, imelazwa kifudifudi zaidi ya miaka arobaini, kuku wanalala chini yake. Mashua hiyo ndiyo iliyonileta. Mwaka wa 1948 nilipoolewa na Walter, walinichukua kwetu Karungu, upande wa Migori, wakanipitisha majini siku mbili mpaka hapa. Nilikaa katikati karibu na mlingoti, nimekumbatia kikapu, na mama mmoja ambaye hata jina lake sikulijua alinifunika kwa leso yake njia nzima ili nisilowe. Leso hiyo sijaisahau.

Linet aliwahamisha kuku kwa adabu, akaipima mashua siku nne. Alipima kila ubao, kila mpindo, kila tundu la kamba. Juu kabisa, kwenye ukingo, alikuta matundu mengi yaliyopangwa mstari mmoja. Akanionyesha kwenye mchoro.

"Haya yalikuwa ya kufungia kamba za mizigo, Mama. Wazee walikuwa na akili!"

"Walikuwa nayo," nikasema.

Fundi wake alikuwa Werema, Mkuria wa kule Migori, mtu mfupi mwenye mikono mipana. Alikuwa amejenga nyumba, makanisa na maghala, ila mashua hakuwahi. Linet alimchagua kwa sababu alikuwa fundi pekee aliyekubali kurudia ubao mmoja mara tatu bila kununa.

"Werema, unajua kuogelea?" Dolphine alimuuliza siku ya kwanza.

"Mimi ni mtu wa ng'ombe, dada. Maji ninayoyajua ni ya kunywa."

"Na unatuundia mashua!"

"Seremala wa jeneza naye amewahi kulala ndani?"

Dolphine alicheka mpaka akaketi. Tangu hapo walikuwa marafiki, na ikawa vizuri, kwa maana Dolphine ndiye aliyekuja na wanawake wenzake wa kushona nyavu wakazishona zile mbao. Werema akichonga, wao wakipitisha kamba na kuziba nafasi kwa nyuzi za mafunjo. Mchana Werema alikuja kula jikoni kwangu. Alikuwa na mahali pake: kwenye benchi, mgongo ameegemeza mlango. Kila siku akimaliza alisuuza sahani yake mwenyewe na kuifunika, na sikuwahi kumwambia afanye hivyo.

Baada ya miezi miwili mashua ilikuwa tayari. Linet alitaka mimi niwe wa kwanza kukaa ndani, pale pale nilipokaa nikiwa bibi harusi. Walinipandisha. Nikakaa. Ukingo wa mashua ukanifika kwapani.

Nikashangaa kidogo. Mwaka ule wa 1948, nikiwa nimekaa hapo hapo, nilikuwa sioni ziwa mpaka ninyooshe shingo. Lakini nikamtazama Linet. Uso wake ulikuwa unang'aa kama wa mtoto aliyeshika namba moja darasani. Nikajiambia, wewe mama, umri umekuchanganya. Nikamwambia, "Ni yenyewe, mwanangu."

Hilo ndilo kosa langu.

Asubuhi hiyo ziwa lilikuwa tulivu, na mashua ikateleza vizuri hata wavuvi wakapiga makofi. Alasiri upepo ulipoamka, Linet akaitoa tena, yeye na wavuvi wanne. Walipofika mbali kidogo tukaona tanga limejaa, mashua imelala upande, na mawimbi yanaingia ndani kama watu wanaoingia kanisani. Wakateka maji kwa ndoo. Wakateka kwa sufuria. Mwishoni walishusha tanga, wakarudi kwa makasia, maji yamewafika magotini.

Linet alishuka, akakaa mchangani na mchoro wake uliolowa.

"Hesabu zangu ni sawa," alisema. "Nimezirudia. Mashua hii kwa mawimbi haya inazama. Lakini Babu aliisafiria miaka ishirini! Nimekosea wapi?"

Bwana Jeff alikuwa anakuja baada ya siku tisa.

Jioni hiyo tulikaa jikoni, Linet, Werema na mimi. Dolphine naye alileta omena kwenye bakuli, akasema zimebaki sokoni. Hazikuwa zimebaki. Nilizijua zile, ni za kuchagua moja moja.

Linet hakula. Ndipo nikaona kwamba upole wangu umemkosesha.

"Linet," nikasema, "kuna neno nilikuficha. Nilipokaa kwenye mashua yako, niliona ziwa lote. Katika ile ya babu yako nilikuwa sioni kitu."

Aliinua kichwa. "Ukingo ulikufika wapi?"

Nikaonyesha juu kidogo ya macho.

"Na leo?"

Nikaonyesha kwapa.

"Mama! Kwa nini hukusema?"

"Ulikuwa umefurahi."

Linet alinitazama, halafu akacheka kidogo kwa uchungu, halafu akachukua penseli. "Hiyo ni tofauti ya ubao mzima. Ubao mmoja kila upande. Lakini mimi nimepima, Mama. Mbao zinazokosekana zimekwenda wapi? Hata kama zingeoza, si pande zote mbili sawasawa."

Werema alikuwa ameegemea mlango kama kawaida yake. Mkono wake, ambao hauwezi kukaa bure, ulikuwa unapapasa ubao nyuma ya bega lake. Kidole kikaingia kwenye tundu. Kikatoka, kikaingia kwenye tundu lililofuata. Akageuka polepole. Akaweka kiganja kati ya matundu mawili, akapima. Akapima tena.

"Mama," akasema, "mlango huu aliutengeneza nani?"

Ndipo nikakumbuka, na nikaona haya hata moshi wa jiko haukunificha.

Nilipoolewa, jiko langu lilikuwa na mlango wa matete. Upepo wa alasiri ulikuwa unaingia na kuzima moto wangu kila siku, na mimi, mgeni wa ukoo, nilikuwa naona aibu kukoka upya huku mama mkwe anangoja chakula. Sikumwambia mtu. Walter aliona. Wakati huo baba yake alikuwa ameshanunua mashua nyingine, hii imepandishwa nchi kavu. Siku moja nilirudi kutoka mtoni nikakuta Walter anakata ubao wa juu wa mashua vipande vitatu na kuviunganisha kuwa mlango. Baba mkwe alikuja mbio akipiga kelele. Walter akamjibu, "Baba, mashua imezeeka. Mke wangu bado."

Mzee akasimama. Kisha akaenda mwenyewe kufungua kamba za ubao wa upande wa pili, ili mashua isibaki na kasoro upande mmoja. Yeye alikuwa hivyo.

Zaidi ya miaka arobaini nimefungua mlango ule asubuhi na kuufunga jioni. Katika matundu yake nilikuwa natundika miiko. Nilishasahau kabisa ulikotoka.

"Na ubao wa upande wa pili?" Linet aliuliza.

Nilimtazama Werema. Nilimtazama alipokaa. Akafuata macho yangu, akaruka kama aliyekalia siafu.

"Benchi!" Dolphine alipiga kelele. "Mkuria amekalia jawabu miezi miwili!"

"Na hakuna aliyeniambia ninyanyuke!" Werema akasema, na tukacheka wote mpaka kuku nje wakaamka. Linet alicheka huku machozi yanamtoka. Akaishika penseli yake, akafuta kwenye mchoro lile neno la kamba za mizigo.

Kulipokucha Werema alikwenda Migori kutafuta mbao mbili ndefu za mvule. Alizipata, lakini gari la kuzileta hakulipata. Dereva wa lori la miwa lililokuwa linaelekea Awendo alimwona amekaa juu ya mbao zake kando ya barabara, akamuuliza ni za nini. Werema akamweleza habari ya mlango wangu. Dereva alishusha miwa yake Awendo, kisha akazileta zile mbao mpaka ufukweni kwetu, safari ambayo haikuwa yake, kwa sababu, alisema, alitaka kuuona huo mlango kwa macho. Nilimpa uji. Alikunywa vikombe vitatu.

Mlango uling'olewa ukapelekwa ufukweni uwe kipimo cha matundu. Siku hizo jiko langu lilikaa wazi. Dolphine alileta mkeka wake mzuri, ule anaotandikia wageni, akautundika mlangoni. "Mbuzi wako hawana adabu," alisema tu.

Siku ya nane wanawake walimaliza kushona. Siku ya tisa Bwana Jeff akafika, mtu mrefu mwenye kofia kubwa, akatusalimia wote mmoja mmoja kwa kupeana mikono, hata watoto.

Linet aliamua kuondoka saa sita, upepo wa alasiri utukute njiani. "Nataka Bwana Jeff auone ukiwa na nguvu," alisema. Bwana Jeff akapanda, na Werema akapanda pia. Alikuwa amekunja suruali na kushika mlingoti kwa mikono miwili.

"Si ulisema seremala wa jeneza halali ndani?" Dolphine alimuuliza.

"Leo ninalala," akajibu, meno yanagongana.

Nami nilipandishwa nikakaa mahali pangu. Sikuona ziwa. Niliona mbao, na matundu ya kamba mapya, na juu kidogo tanga jeupe na mbingu. Nikanyoosha shingo. Maji yale, pale pale chini ya macho. Nikasema kwa sauti, "Sasa ni yenyewe," na Linet akanitazama kuhakikisha kwamba safari hii simfichi kitu. Sikuwa namficha.

Upepo ulitukuta tulipokuwa mbali na nchi kavu. Mashua ikalala upande, mawimbi yakaja, yakagonga ule ubao wa juu, yakarudi. Yakaja tena. Yakarudi. Bwana Jeff alivua kofia akawa tayari kuteka maji nayo, lakini hakukuwa na maji ya kuteka. Matone machache tu yalinirukia. Linet, mkono kwenye usukani, alivua sweta yake kwa mkono mwingine akanirushia nijifunike. Nikajifunika, nikamkumbuka mama yule wa leso.

Tulifika Kendu Bay jua bado liko juu. Werema alishuka akabusu mchanga. Bwana Jeff alizunguka mashua mara mbili, kisha akampa Linet mkono na kusema atatuma barua ya zile tatu nyingine. Halafu akaniuliza, Linet akitafsiri, kama ningewauzia mlango wangu uwekwe kwenye jumba lao la makumbusho.

"Mwambie hapana," nikasema. "Upepo bado unavuma. Kama anaupenda mlango wangu, wewe mchoree."

Karakana ya Linet iko pale ufukweni, na Werema ndiye fundi mkuu, ingawa bado haogelei. Mlango umerudi jikoni na miiko yangu imerudi kwenye matundu. Mchoro wake Linet aliuchora kweli, nakala mbili, moja ikaenda Uholanzi na nyingine iko ukutani kwangu, mahali palipokuwa na picha za yoti. Umeandikwa upana, urefu, nafasi kati ya tundu na tundu. Chini kabisa, mahali pa kueleza matumizi ya kifaa, ameandika: kuzuia upepo usizime moto wa Mama.