Zamu ya Mama Sampa

Zamu yake ilirukwa mara mbili. Mara ya kwanza walisema mvua, mara ya pili wakasema msiba, na kweli msiba ulikuwepo, lakini wa mtu wasiyemjua. Jumatano hii hawakuwa na pa kukimbilia. Kikundi cha maombi kilikuwa kimeshazunguka nyumba zote za mstari ule wa wachimba migodi, ikabaki ya Mama Sampa peke yake.

Mumewe alifariki mwezi wa nane kwa tumbo. Hospitali ilisema ini. Dada wa marehemu alisema chakula, na mtaa ukamwamini dada. Mama Sampa aliyajua hayo yote, akajipa moyo kwamba siku wakila kwake, maneno yatakwisha. Mtu hawezi kula chungu cha mwenzake leo, kesho amwite mchawi.

Jana Mama Chola, rafiki yake tangu wakiwa wote na watoto mgongoni, alimshika mkono sokoni.

"Pika, dada. Mimi nitakuwa wa kwanza kunawa. Wenye midomo waone!"

Basi akapika. Ubwali, ndio ugali wa kwao, na mboga moja tu, kama sheria ya kikundi inavyotaka, ili asiye nacho asiaibike: majani ya maboga kwa karanga. Karanga alizitwanga mwenyewe mpaka mabega yakamuuma.

Walikuja tisa. Waliimba vizuri, waliomba kwa machozi, Mzee Kapembwa, kiongozi wao, akasoma habari za kuumega mkate nyumba kwa nyumba. Mama Sampa akaleta sahani. Akamega tonge, akachovya, akala mbele yao kama mwenyeji anavyopaswa. Kisha akachukua beseni na jagi, akapiga magoti mbele ya Mzee Kapembwa.

Mzee hakutoa mikono.

"Mama, utusamehe. Leo tumefunga."

"Mmefunga, baba? Nani katangaza?"

"Roho kaongoza tu, asubuhi hii."

"Mbona mimi hakuniongoza?"

Akasogea na beseni kwa wa pili, naye akasema amefunga. Wa tatu hivyo hivyo. Mama Lubuto, jirani wanayegawana naye ukuta, alisema amefunga huku akiangalia saa yake. Magoti yalikuwa yanamuuma Mama Sampa, lakini hakusimama, kwa sababu wa mwisho alikuwa Mama Chola.

"Dada," akamwambia polepole, "nawa."

Mama Chola aliitazama mikono yake mwenyewe. "Nimefunga na wenzangu, dada. Usinichukie."

Wakafunga ibada kwa sala, wakatoka kwa haraka ya watu waliokumbuka moto jikoni. Sahani zikabaki mezani, ubwali ukianza kushika ngozi. Mama Sampa aliona aibu kama aliyevuliwa nguo, na hasira pia, maana karanga zilikuwa ghali mwezi ule.

Hakuwa amefika jikoni aliposikia, ng'ambo ya ukuta, kwa Mama Lubuto, viti vikiburutwa. Mfuniko ukafunuliwa. Maji yakamiminwa kwenye beseni. Mzee Kapembwa akashukuru kwa chakula, kwa sauti ya chini kuliko kawaida yake, na wote wakaitikia amina. Baadaye kidogo sauti aliyoijua kwa miaka ishirini ikasema, "Niongezee mchuzi, mama, njaa imenibana."

Mama Sampa akausogelea ukuta mpaka paji la uso likagusa chokaa.

"Mama Chola!" akaita. "Chumvi imekolea?"

Kule vijiko vikakoma. Mtu akakohoa. Alisubiri, bado akitumaini kwamba angalau mmoja angesukuma kiti na kurudi.

Kisha vijiko vikaanza tena kugonga sahani, taratibu, na mtu akafunga dirisha.