Majina Ndani ya Mfarishi

Tik. Kisha kimya. Kisha tik tena.

Nilifumbua macho gizani nikasikiliza. Ilikuwa sindano ikigonga subana kidoleni, na mwenye subana nyumbani kwetu ni mmoja tu, mama mkwe wangu, Mama Kealohi. Alikuwa anashona bila taa. Jogoo walikuwa hawajawika, na mvua ya mji wetu wa Hilo, ambayo haijui kupumzika, ilikuwa imetulia kidogo. Kila tik niliisikia kama mtu anayebisha hodi kwa ukucha.

"Mama," nikanong'ona, "utajichoma."

"Nimeshajichoma mara mbili. Lala wewe, una mtu tumboni."

"Washa basi taa kidogo."

"Ili nani aione? Yule mlinzi wa shamba anayezungukazunguka? Vidole vyangu vina macho. Lala, Lahapa."

Sikulala. Nilijua anashona nini.

Alikuwa anashonea karatasi ndani ya mfarishi, lile blanketi nene la kitambaa na sufi. Karatasi kumi na mbili, ndefu, ngumu, na katika kila mstari jina la mtu wa kambi yetu ya wafanyakazi na umri wake. Juu ya kila karatasi yalikuwa yameandikwa maneno ya kuwaambia maseneta wa Washington kwamba sisi watu wa Hawaii hatutaki nchi yetu ifanywe kipande cha Marekani. Rais wao alikuwa ameshatia sahihi mkataba na hawa waliomwondoa malkia wetu kitini. Kilichobaki ni maseneta kupiga kura, na katika kila watatu walihitajika wawili wakubali. Hayo niliyasoma mwenyewe gazetini. Kiingereza nilijifunza darasa la jioni kanisani, miaka miwili, Hulali wangu akiwa mchanga bado, amelala kwenye mkeka miguuni pangu. Watu wa kambi walikuwa wakija kwangu na magazeti chini ya kwapa kama wanaleta nguo za kushonwa. "Hebu tutazamie, mama Hulali, wanatusemaje leo?" Na mimi nilikuwa nikiwaambia: wakiyaona majina yetu, hawawezi kusema tumekubali. Niliamini hivyo. Naamini hata sasa.

Lakini nyumba tuliyolala haikuwa yetu, ilikuwa ya shamba la miwa. Na Jumatano ile meneja wa shamba, Bwana Pruett, alikuwa amesimama langoni mwa kiwanda, kofia mkononi, akasema kwa upole kabisa kwamba sukari ya Hawaii ikiwa sukari ya Marekani kila mtu atashiba, na kwamba atakayeonekana jina lake kwenye makaratasi ya wapinzani atatoa vyombo vyake nje siku hiyohiyo. Hakupaza sauti. Mume wangu Nakoa, anayechochea moto wa bwela pale kiwandani, aliniambia afadhali angepiga kelele.

Karatasi zote zilikuwa kwetu kwa sababu Mama Kealohi ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba kuzijaza. Shangazi Kapeka alitakiwa kuzichukua Ijumaa azipeleke bandarini, farasi wake akachechemea. Sasa angekuja Jumamosi mchana, meli ya Honolulu ikiondoka jioni. Na Ijumaa usiku fununu ikafika kwamba Bwana Pruett atatembelea nyumba.

Mfarishi wenyewe ulikuwa wa bendera. Mama Kealohi aliushona mwaka ule ule askari wa meli ya Marekani waliposhuka Honolulu na malkia akaondolewa: bendera nne za Hawaii zimeuzunguka upande kwa upande, na taji katikati. Tangu mimba yangu ilipoonekana, ulikuwa umefungwa juu ya kitanda changu, uso wake ukitazama chini, ili mtoto akifumbua macho kitu cha kwanza kuona kiwe bendera yake. Wanawake wengi walikuwa wakifanya hivyo siku zile, kimyakimya. Usiku huo Mama Kealohi alikuwa ameushusha, akafumua pindo lake, akaziingiza karatasi kati ya kitambaa na sufi.

"Wataupekua," nilimwambia.

"Utakunjwa, bendera ndani, mgongo mweupe nje. Utakaa hapo kitandani kama mfarishi wowote."

"Na mtu akiukalia? Karatasi zitalia."

Tik ikasimama. Nilimsikia akigeuka gizani.

"Aukalie nani? Umemwona nani duniani anakalia mfarishi? Hata jirani Opunui akilewa anaushika kwa mikono miwili anauweka pembeni ndipo aanguke."

Kweli. Kwetu hata mtoto anayejifunza kutambaa anazuiwa. Pumzi ya aliyeshona imo mle. Ukiukalia ni kama umemkalia usoni. Nikaona nimesema ujinga. Hakuna kati yetu aliyekumbuka kwamba Bwana Pruett si mtu wa kwetu.

Asubuhi Nakoa alikula amesimama, poi ya magimbi na samaki mkavu, huku akitazama dirishani.

"Mama, kwa nini usizichome tu?" akasema. "Tutaandika nyingine."

"Chota poi yako unyamaze. Mzee Kaluna alitia sahihi Jumapili, Jumatatu tukamzika. Utamfukua aandike nyingine?"

Nakoa akacheka, lakini mkono wake ulipogusa tumbo langu ulikuwa baridi. "Wakija, mke wangu, wewe umelala. Unaumwa. Hujui lolote."

"Nenda, kengele imelia."

Tulibaki sisi watatu. Haikuwa siku ya shule, kwa hiyo Hulali alikuwa nyumbani, amekaa kwenye mkeka akipanga kokwa za mti wa kukui. Ana miaka saba. Lazima nieleze kidogo juu yake. Tangu mwezi wa tatu alikuwa haongei mbele ya mtu asiye wa nyumbani. Shuleni wanaruhusu Kiingereza tu, na siku moja alimwomba mwenzake maji kwa lugha yetu. Mwalimu alimchapa viganja kwa rula, kisha akamsimamisha mbele ya darasa mpaka jioni. Alirudi nyumbani mdomo umefungwa kama mfuko. Kwetu ananong'ona. Akija mgeni hata kunong'ona hakuna. Nilikuwa nikimwimbia usiku nikimwomba Mungu ile sauti isiwe imekufa, iwe imelala tu.

Saa nne tulisikia kwato. "Kapeka!" Mama Kealohi akasema, akajifunga kitambaa kichwani. "Kama si yeye basi ni farasi wake amemchoka amekuja kumshitaki." Hulali akakimbilia nje. Akarudi polepole, akashika gauni langu, akauficha uso humo.  Hakuwa Kapeka.

Bwana Pruett aliingia amevua kofia. Viatu alivifuta vizuri mlangoni, mara tatu, matope yasiingie. Lugha yetu anaijua, anaiongea kama mtu anayetafuna kitu cha moto.

"Aloha, mama. Aloha, Lahapa. Usisimame, usisimame, naona uko karibu."

"Bado mwezi, Bwana."

"Mungu akusaidie. Nakoa ni mfanyakazi mzuri. Sipendi kumpoteza."

Alisema hivyo akitabasamu, na macho yake yakaanza kutembea. Yakapita kwenye rafu, kwenye sanduku, kwenye biblia, juu kwenye kamba tupu zilizoning'inia pale mfarishi ulipokuwa. Kamba! Tulikuwa tumesahau kuzifungua. 

"Hapo palikuwa na nini?"

"Chandarua," Mama Kealohi akajibu. "Kimefuliwa."

"Katika mvua hii?"

"Ndiyo maana hakijakauka."

Akacheka kidogo. "Mama, wewe ni mwerevu. Mimi si adui yenu. Nimekaa nanyi miaka ishirini na miwili. Nimekula meza moja na machifu wenu. Nawajua kuliko mnavyojijua. Ndiyo maana nakuja mwenyewe badala ya kutuma polisi. Nataka tuongee kama watu wa nyumba moja."

Kisha akatafuta pa kukaa. Sisi tunakaa mkekani, kiti hatuna. Akageuka, akakiona kitanda, na juu ya kitanda mfarishi uliokunjwa vizuri, mweupe, mnene kama mto. Niliona anachotaka kufanya kabla hajakifanya.

Akakaa.

Karatasi zikalia. Sauti yenyewe ilikuwa ndogo, kama mtu anayekanyaga jani kavu, lakini nyumba nzima iliisikia.

Bwana Pruett alitulia. Akasogea kidogo upande mmoja, kwa makusudi. Zikalia tena.

"Humu mna nini?"

Mama Kealohi alikuwa amefumba macho. Sijui kama ni kwa hofu ya karatasi au kwa uchungu wa kukaliwa vile usoni, nyumbani kwake, mbele ya mkwe na mjukuu. Nadhani vyote viwili. Mimi niliyaona majina yote yakitoka nje pamoja na vyombo vyao kwenye mvua: Kaluna marehemu na mjane wake, Opunui, yule msichana wa jikoni wa Bwana Pruett mwenyewe aliyetia sahihi. Mimi ndiye niliyewasomea. Mimi ndiye niliyewaambia msiogope. Na mtoto tumboni akapiga teke moja, zito, kana kwamba naye amesikia.

"Sufi tu, Bwana," nikasema. Sauti haikuwa yangu.

"Sufi hailii hivyo, Lahapa."

Akapeleka mkono chini ya paja lake. Vidole vyake vikaanza kupapasa pindo, pale pale uzi ulipokuwa mpya. Aliupata uzi. Akauvuta kidogo.

Watu wameniuliza mara nyingi kilichotokea, kwa hiyo niseme mapema. Karatasi zilifika. Shangazi Kapeka alikuja saa sita, akapanda farasi nazo chini ya sketi yake, akisema zinamkwaruza lakini amewahi kukaa na mume mbaya zaidi ya hapo. Zikavuka bahari, zikaunganishwa na za visiwa vingine, watu maelfu na maelfu, wajumbe wetu wanne wakazipeleka Washington. Majira ya baridi yale maseneta waliokubali hawakutosha, mkataba ukakwama. Habari hiyo niliisoma gazetini kwa sauti barazani nikiwa na mwanangu mchanga titini, na watu walilia. Alizaliwa chini ya bendera, kama tulivyopanga. Sasa magazeti yanasema meli ya vita ya Wamarekani imelipuka huko Kuba, wanataka vita na Wahispania, na wengine wanasema vita ikija watatuchukua kwa njia nyingine, watahitaji bandari yetu. Nikisoma hayo, usingizi unakatika. Naamka naenda kugusa nyuso za watoto, mmoja baada ya mwingine. Lakini kitu nilichokiona asubuhi ile hakiwezi kufutwa na gazeti.

Kwa sababu Bwana Pruett aliinuka. Aliinuka kwenye kitanda kile kama aliyekalia kaa la moto, uso mwekundu mpaka shingoni, akaachia uzi. Mtu aliyefuta viatu mara tatu, aliyekula na machifu, anayetujua kuliko tunavyojijua, alisimama katikati ya nyumba yetu akiizungusha kofia yake mikononi, akamwambia Mama Kealohi, "Samahani, mama. Samahani sana. Sikujua." Akatoka bila kugusa kitu kingine. Nafikiri aibu ile ilimwelemea kuliko shaka yake. Angeweza kurudi kesho yake na polisi, na siku kadhaa nilisikia kwato zake katika kila mvua. Hakurudi.

Si mimi niliyemwinua, wala Mama Kealohi.

Bwana Pruett alikuwa amekwishaushika uzi ule, anauvuta, nami namtazama, ndipo nikahisi gauni langu limeachiliwa. Hulali alitoka nyuma yangu. Alitembea na miguu yake mitupu mpaka mbele ya magoti ya Bwana Pruett, mikono ameificha mgongoni, viganja vimekunjwa kama vinavyosubiri rula. Nilitaka kumvuta. Sikuweza. Alimtazama usoni, akavuta pumzi, na kwa lugha yetu, kwa sauti nzima ambayo sikuwa nimeisikia tangu mwezi wa tatu, akasema:

"Bwana, simama, mfarishi wa bibi haukaliwi."