Salamu Zilizomruka Eliza

Bunduki ziliponyamaza mashariki ya Kongo, wakubwa waliosaini amani hotelini walisomwa majina redioni mmoja mmoja, na vyeo vyao. Waliobeba majeruhi hawakusomwa. Manase wa kijiji cha Kinyangiri, aliyekwenda huko kwa kujitolea kushika machela, hakujali. Alikuwa na lake lililomkaba: mkewe, Eliza, alikuwa amefunga nguo zake na kurudi kwa wazazi wake Mtinko.

Habari hiyo aliletewa na Ramadhan, dereva wa Singida Mjini aliyekuwa akileta dawa kambini. Minara ya simu ilikwisha kuangushwa, kwa hiyo barua za watu alibeba yeye: karatasi moja kwa kila mtu, bila bahasha, maana kwenye vizuizi walizifungua zote.

Kosa lilikuwa la Manase, nalo alilirithi. Kwao barua huandikwa kwa baba. Unaanza na shikamoo ya mzee Nathanaeli, unashuka kwa baba wakubwa, mama wadogo, mchungaji, majirani, mpaka ng'ombe wanaulizwa hali. Mke unamweka mwisho, na karatasi ikiwa moja, mwisho haufiki. Babu yake alipokuwa vita vya Kagera alifanya hivyo hivyo. Bibi akavuna mtama peke yake bila kutajwa, na watu wakamsifu babu kwa adabu. Adabu gani hiyo, inayomkumbuka ndama na kumsahau anayemkamua mama yake?

Na msomaji wa barua zile uani alikuwa Eliza mwenyewe, kwa kuwa macho ya mzee yamechoka. Alisoma salamu za kila mtu, akageuza karatasi akitafuta jina lake, akaikunja na kumpa baba mkwe. Alipomaliza ya tatu, alikwenda kufunga nguo.

"Hakulia," Ramadhan alisema. "Angelia, ungekuwa na nafuu."

Manase alikaa juu ya machela tupu akaandika: *Eliza wangu*. Mkono ukasita, kama mtu anayepita mbele ya wazee bila kuwaamkia. Kisha ukaendelea. Alimwambia kwamba mapigano yamekwisha na yeye ni mzima. Kwamba humkumbuka akipepeta mtama huku akigombeza mbuzi kwa Kinyaturu, lugha ya kwao Mtinko ambayo mbuzi wa Kinyangiri hawaielewi. Kwamba anamrudia yeye, si ng'ombe. Karatasi ikajaa. Shikamoo ya mzee akaibana pembeni, herufi kama sisimizi.

Ramadhan aliisoma bila kuombwa. "Bwana, mzee atakulaani."

"Ipeleke Mtinko."

Lori liliporudi kuwachukua wanaoondoka, Ramadhan alishuka akicheka. Mzee kakasirika kweli, alisimulia. Aliposikia barua imeandikwa kwa mke, kauliza ni barua gani inaanza na mtoto wa watu. Lakini aliyempelekea salamu zake ni Eliza mwenyewe. Alikwenda kwa bodaboda mpaka Kinyangiri, akapiga goti uani, akamwamkia mzee kwa niaba ya mumewe, akamsomea ule mstari wa pembeni tu. Mzee alipodai iliyobaki, akajibiwa kwa heshima zote kwamba hiyo si ya uani.

"Sasa yuko wapi?" Manase aliuliza.

"Kwako, anakandika ukuta. Kasema karatasi yako ameimaliza, uje na maneno mengine."